Kusoma jino kwa ulimi, uzi wa embe na mche wa sabuni

Mpwa wangu alirudi Tabora likizo akiwa na daftari lililopakwa rangi ukurasa kwa ukurasa. Meno yote 32 yalikuwamo, kila moja limechorwa, limepewa namba na jina, na pembeni maelezo kwa kalamu nyekundu. Yuko mwaka wa kwanza wa masomo ya afya ya kinywa na meno, na usiku wa kuamkia mtihani aliweza kulitaja daftari hilo lote akiwa amefumba macho. Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu alimwekea mezani jino moja lililong'olewa, kavu, akamwuliza: hili ni lipi, na lilitoka upande gani? Akaligeuza, akaligeuza tena, muda ukaisha.

"Shangazi, majina ninayo," aliniambia tukiwa tumekaa chini ya mwembe hapa Isevya, "ila jino lenyewe silijui."

Mimi ni tabibu wa meno, na kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wengi wanaokuja kujifunza kazini. Si wavivu. Wamepewa maswali kadhaa tofauti yaliyosokotwa kamba moja, kisha wakaambiwa waikariri kamba. Jino lina anwani yake kinywani. Lina nyuso zake. Lina umbo linalotokana na kazi, lina matabaka ndani, na lina umri. Mwanafunzi anayeyachanganya yote hayo huona msitu. Kwa hiyo tukaamua kulifunga daftari na kuifumua kamba polepole, mche wa sabuni na kisu vikiwa mkekani.

Tukaanza na namba, kwa sababu ndizo zinazotisha na ndizo rahisi kuliko yote. Simama mbele ya mtu aliyefungua kinywa, ukigawe robo nne. Robo ya kwanza ni juu kulia kwake, ya pili juu kushoto kwake, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Macho yako yanazunguka kama mishale ya saa. Kulia na kushoto ni vya mgonjwa, si vyako. Hapo ndipo wengi huanza kupotea, na ukipotea hapo unaweza kuandikia jino zima limeoza na bovu ukaliita zima. Ndani ya kila robo hesabu kutoka katikati kwenda nyuma, moja hadi nane. Jino la sita kwenye robo ya tatu linaandikwa 36, na linasomwa "tatu, sita". Usiseme thelathini na sita. Ukilisoma hivyo namba inageuka kuwa jumla, na mtu wa kawaida hana meno thelathini na sita. Ukisema "tatu, sita", mdomo wako umekwisha kutaja mtaa na nyumba.

Watoto wana meno 20 tu, matano kila robo, na robo zao zinaendelea na hesabu: tano, sita, saba, nane. Hivyo 75 ni jino la tano, chini kushoto, la mtoto. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba mtoto wa miaka minne ana tundu kwenye 36. Nilimwomba arudi akahesabu upya, maana jino hilo katika umri huo bado liko ndani ya taya. Alichokiona ni 75, gego la mwisho la utotoni. Namba yenyewe ilipaswa kumshtua.

Anayejisomea kwa video za Marekani ajue kwamba kule wanahesabu kwa mfumo mwingine, moja hadi 32 mfululizo, wakianzia gego la mwisho la juu kulia. Jino la mbele la juu kulia, ambalo kwetu ni 11, kwao ni namba 8. Lile 36 letu kwao ni 19. Chagua mfumo mmoja uwe wa kichwani. Mwingine uwe wa kutafsiria tu.

Nyuso za jino nilizifundishia kwa embe. Aliyekulia Tabora anayajua maembe ya kienyeji yenye nyuzi, na anajua adha ya uzi ulionasa kati ya magego hadi usiku. Nikamwomba mpwa wangu ale embe moja kisha aniambie uzi umenasa wapi. Akapapasa kwa ulimi: juu kulia, kati ya jino la tano na la sita. Vema. Uzi huo umebanwa na nyuso mbili. Uso unaoelekea katikati ya kinywa, kule pua ilipo, huitwa mesiali. Uso unaoipa katikati mgongo huitwa distali. Basi uzi wako umegusa uso wa mesiali wa 16 na uso wa distali wa 15. Kila mwanya kinywani uko hivyo, mesiali ya huyu ikitazamana na distali ya yule, isipokuwa mahali pamoja: katikati kabisa, kati ya 11 na 21, na chini yake kati ya 31 na 41, ambako mesiali hukutana na mesiali. Na jino la mwisho kabisa distali yake haina jirani, ndiyo maana mswaki huisahau.

Nyuso zilizobaki zimebeba majina ya majirani zao. Wa kuelekea shavu ni bukali. Kwa meno ya mbele, ambako jirani ni mdomo, ni labiali. Wa kuelekea ulimi ni lingwali, na kwa meno ya juu, kwa kuwa yanatazamana na kaakaa, ni palatali. Uso wa kutafunia ni okluzali. Meno ya mbele hayatafuni, yana makali, nayo makali hayo huitwa ukingo wa insizali. Mpwa wangu aliyashika yote kabla hajamaliza kuosha mikono.

Umbo ndilo lililotuchukua siku nyingi, na ndilo ninalolipenda. Mtazame mtu anayekula muwa. Ganda hulivua kwa chonge na magego madogo, akivuta kwa pembeni. Kipande hukipeleka nyuma kikasagwe. Kato za mbele zikibaki na kazi nyepesi ya kukata na kuachia. Chonge ana mzizi mrefu kuliko meno yote, hasa wa juu, kwa sababu yuko kwenye kona ya taya na ndiye anayebeba mvuto wa pembeni. Ukipitisha kidole juu ya fizi, nje, utaguswa na tuta la mzizi huo chini ya ngozi. Kwa wazee wengi waliopoteza karibu meno yote, chonge huwa miongoni mwa ya mwisho kuondoka.

Kato za chini ni ndogo, nyembamba, zinafanana hadi zinachosha; sikuzikalia sana. Za juu zina alama nzuri. Kato ya kwanza ya juu ina pembe mbili chini: ya upande wa mesiali ni kali kama kona ya daftari, ya upande wa distali imeviringwa. Ukiliokota jino hilo mezani, uso wa nje ukiwa mbele yako na makali yakiwa chini, pembe kali inakuonyesha katikati ya kinywa ilipo. Ikiwa mkono wako wa kulia, jino ni la kulia kwa mgonjwa. Msaidizi wa pili ni mzizi, kwa maana ncha ya mzizi mara nyingi hupinda kuelekea distali. Si sheria isiyovunjwa, lakini vikikubaliana vyote viwili, jibu unalo. Jino lililomshinda mpwa wangu kwenye mtihani, kwa maelezo yake, lilikuwa hili hili. Alipoiona pembe ile kwenye sabuni alishika kichwa.

Kuhusu sabuni: kata kipande cha mche chenye urefu wa kidole, kichonge kwa kisu kidogo, ukubwa mara tatu au nne ya jino halisi. Mkono ukishachonga kitu, jicho haliwezi tena kukipita bila kukiona. Tulianza na kato, tukaenda kwenye gego la sita la juu na la sita la chini, tukayaweka bega kwa bega.

La juu, ukilitazama kwa upande wa kutafunia, ni kama mraba uliosukumwa ukalala mshazari. Lina vilele vinne, na mara nyingi kilele kidogo cha tano ubavuni mwa kile cha mesiali upande wa kaakaa, kiitwacho kilele cha Carabelli. Kuna watu wanacho kikubwa, wengine kidoa tu, wengine hawana kabisa. Ukikiona, umekwisha kujua kwamba hilo ni gego la juu, na karibu kila mara la sita. Halafu kuna tuta la mshazari linalokatiza kutoka kilele cha mesiali cha upande wa kaakaa hadi kilele cha distali cha upande wa shavu. Nikamwambia mpwa wangu alifikirie kama tuta la viazi vitamu lililokatiza shamba kutoka kona hadi kona, maji ya mvua yakabaki yametengana pande mbili. Mizizi ni mitatu: miwili upande wa shavu, mmoja mnene upande wa kaakaa.

La chini ni refu kuliko upana wake, lina vilele vitano, vitatu nje na viwili ndani, na mizizi miwili, mmoja mbele mmoja nyuma. Kwa nini la juu lina mitatu? Mfupa wa taya ya juu ni laini zaidi, hivyo gego la juu linasimama kama kigoda cha miguu mitatu. La chini limekaa kwenye mfupa mgumu, miguu miwili inamtosha. Maelezo hayo si ya kuandika kwenye mtihani neno kwa neno, ila yanakusaidia usisahau.

Magego madogo, ambayo darasani huitwa primola, yana kilele cha nje na kilele cha ndani. Hapa kuna jambo ambalo kwa mtu wa kusafisha meno lina thamani kuliko majina yote. Gego dogo la kwanza la juu, yaani 14 na 24, lina mbonyeo upande wa mesiali unaoanzia kwenye taji, sehemu ya jino iliyo nje ya fizi, na kuendelea hadi kwenye mzizi. Ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye jino, hujificha humo. Kifaa kinapita juu yake kama jembe linalopita juu ya shimo, udongo wa shimoni ukabaki. Mgonjwa anaondoka akiwa na furaha, na baada ya miezi fizi za pale zinavuja damu tena. Nimeliona hilo mara nyingi. Anayejua umbo huulaza upanga wa kifaa ufuate bonde.

Tukaingia ndani. Nje kabisa ya taji kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa uzito takribani asilimia 96 ni madini. Kwenye ncha za vilele unene wake hufika kama milimita 2.5, na hupungua hadi kuwa kama utando kwenye shingo ya jino. Seli zilizoijenga hupotea jino linapoota. Kwa hiyo tundu la enameli halizibiki lenyewe kama mfupa uliovunjika unavyounga. Doa jeupe la mwanzoni, kabla uso haujavunjika, laweza bado kurudishiwa madini kwa mate na dawa ya meno yenye floridi. Likishatoboka, nafasi hiyo imepita.

Chini yake ni dentini, laini kiasi, ya manjano, imejaa vijimirija visivyoonekana kwa macho, vyenye majimaji, vinavyoelekea ndani. Maji baridi yakigusa dentini iliyo wazi, majimaji hayo husogea, na mishipa ya fahamu upande wa ndani hushtuka. Katikati ni pulpa, yenye damu na mishipa ya fahamu. Pulpa imezungushiwa ukuta mgumu pande zote. Kidole kikiumia huvimba kikapata nafasi. Pulpa haina pa kuvimbia, mgandamizo unapanda, na mtu akilala damu ikiongezeka kichwani maumivu yanamwamsha saa nane za usiku.

Matabaka haya ndiyo yanayojibu swali la mdudu. Bado wapo wanaokuja wakisema jino limeliwa na mdudu, na hawasemi bila sababu: kwa nje tundu ni dogo, ndani ni pango, sawasawa na mti uliobunguliwa na dumuzi. Hakuna mdudu. Bakteria wa utando laini unaoshika juu ya meno hutumia sukari na kutoa asidi. Enameli huanza kuyeyuka pale pH, kipimo cha ukali wa asidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Asidi ikipenya kwenye kijifereji cha gego, mlango unabaki mwembamba kwa sababu enameli ni ngumu, lakini ikifika mpakani mwa dentini inatambaa pembeni. Ndiyo sababu mtu huuma punje ya mahindi ya kuchemsha na taji zima linaporomoka siku moja, jino ambalo jana lilikuwa na kitundu cha sindano. Na kwa kuwa tuko Tabora niseme hili pia: asali nayo ni sukari. Ni tamu, ni ya kwetu, ina heshima yake, lakini mtoto hapaswi kupakwa kwenye fizi na kulazwa nayo.

Chini ya shingo, mzizi haufunikwi na enameli bali na sementi ya jino, nyembamba na laini zaidi. Jino halijachimbiwa mfupani kama nguzo ya zege. Limetundikwa kwa nyuzi nyingi fupi kati ya sementi na mfupa, kama kitanda cha kamba kilivyobeba mtu. Upana wa nafasi hiyo ni takribani milimita 0.2. Ndiyo maana jino zima likisukumwa husogea kidogo sana na kurudi, na ndiyo maana unaweza kuhisi hata chembe ya mchanga kwenye dagaa.

Kati ya fizi na jino kuna mfuko mdogo, wenye kina cha milimita 1 hadi 3 fizi zikiwa na afya. Kipimo kikizama 4 na kuendelea, kuna la kutazamwa. Ugaga wenyewe ni ule utando uliogandishwa na madini ya mate, hivyo hupenda kukaa karibu na mifereji ya mate: nyuma ya kato za chini, ambako mate hububujika chini ya ulimi, na upande wa shavu wa magego ya juu, ambako mfereji mwingine hufungukia mkabala na gego la saba. Mpwa wangu alicheka aliposikia. Alikuwa amekariri mahali ugaga unapokaa kwenye ukurasa mmoja na mifereji ya mate kwenye ukurasa mwingine, na hakuwahi kuzikutanisha.

Kimebaki kipengele cha umri, na hiki nakitetea kwa moyo wote kwa sababu makosa yake huwaumiza watoto.

Meno ya utotoni huanza kuota kwa kawaida kwenye miezi sita hadi kumi, kato za chini zikitangulia, na mtoto wa karibu miaka miwili na nusu au mitatu huwa nayo yote 20. Mpangilio huo si amri. Mtoto aliyeotesha ya juu kwanza zamani aliitwa kigego na katika baadhi ya jamii aliogopwa. Ni mtoto wa kawaida kabisa. Akifika miaka sita, nyuma ya magego yake ya utotoni huchomoza gego la sita, la ukubwani, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hapo wazazi hupotea. Wanaona jino limeota kimya kimya kwa mtoto mdogo, wanadhani ni la utotoni, likitoboka wanasema litang'oka tu, litaota lingine. Halitaota lingine. Ndilo jino la kudumu linalotangulia kuota huko nyuma ya yote, lenye vijifereji virefu, kwenye kinywa cha mtoto asiyejua bado kupiga mswaki hadi mwisho. Magego yote 12 ya ukubwani hayana mtangulizi. Magego madogo ndiyo yanayorithi nafasi za magego ya utotoni.

Na mizizi ya meno ya utotoni huyeyuka kidogo kidogo jino la chini yake linapopanda. Jino analolirusha mtoto juu ya paa lilikuwa na mzizi. Umekwisha kuliwa na safari ya mwenzake.

Jioni moja jirani alifika na mtoto wa miezi saba anayeharisha, mwenye joto. Alikuwa ameambiwa ana meno ya plastiki, na kwamba yupo mtu wa kuyatoa. Imani hii imesikika nchini tangu miaka ya 1980: fizi za mtoto mgonjwa hufunuliwa, huonekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, basi hukatwa na kukwanguliwa kwa kifaa chochote kilichopo. Kinachotoka ni laini na cheupe, mzazi anaonyeshwa, anaamini.

Nilimwachia mpwa wangu azungumze. "Shikamoo dada," alisema, akamchukua mtoto mapajani, akapitisha kidole safi juu ya fizi. Akamweleza kwamba uvimbe ule ni chonge la utotoni ambalo lilianza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni, na linatarajiwa kuota akiwa na miezi kumi na sita hadi ishirini. Ni laini kwa sababu ujenzi wake haujakamilika. Karibu nalo, ndani zaidi, chonge la ukubwani limeanza tu kuweka madini, kwani huanza kwenye mwezi wa nne au wa tano. Kisu kinachokwangua moja hulifikia na la pili, likaota limepinda au lisiote kabisa, mbali na damu inayopotea, pepopunda na maambukizi mengine yanayoingia kwa jeraha hilo.

Yule mama aliuliza, kama si meno, kinachomharisha ni nini? Mpwa wangu akaokota kipande cha sabuni alichokichonga mchana, kisichokamilika, ncha tu bila mzizi, akakiweka kiganjani mwake. "Jino lake kwa sasa liko hivi," akasema. "Haliwezi kuharisha mtu. Twende kituoni leo hii." Walitoka pamoja kabla ya magharibi. Mtoto alipewa ORS na zinki, na chonge zake ziko mahali pake.